Pete za Rangi

Msasa namba mia tatu na ishirini, ndoo ya maji,
na boneti ya Pijo ya marehemu Obura.
Nasugua kwa duara, polepole,
kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Mwanawe yuko kivulini, simu sikioni.
Anataka rangi ya fedha. Gari la fedha, anasema,
halikai wiki mbili bila mnunuzi.
"Toa yote, Apondi. Hadi bati."

Nyeupe inatangulia kuondoka.
Hiyo ni ya miaka ya heshima, Obura mzee wa kanisa,
suti, Biblia kwenye dashibodi.
Nililipwa vizuri. Sikuitia sahihi.

Maji kwenye ndoo yanageuka maziwa.

Kisha weusi, na ndani ya weusi, ndimi za moto.
Ee, huu moto!
Mkewe alikuwa ameondoka. Akaja na koti la ngozi
katika jua la Kisumu, akasema: liwashe.
Siku nne brashi ya hewa mkononi, pumzi nimeibana,
kila ulimi nikiuchora mwembamba kama unywele
halafu nikiupulizia chungwa pembeni, na njano, na njano hafifu zaidi,
hadi watoto wa Obunga wakawa wanakuja kuugusa
na kurudisha mkono haraka.
Mwaka huo walinifuata toka Siaya, toka Mumias,
mwenye lori, mwenye gari la maiti (huyo alitaka mawingu).
Nilikopa chamani, nikanunua kompresa ya pili.
Ikafa baada ya miezi mitatu.
Deni halikufa.

Nasugua.

Buluu. Hapa nilikuwa na miaka ishirini na sita
na binti wa Obura alitaka kamongo mlangoni,
samaki anayelala matopeni mvua ikigoma.
Jioni hiyo visubi wakapanda kutoka ziwani, wingu zima,
wakatua kwenye klia mbichi.
Nililia. Magak alikuja, akainama, akawatazama.
"Waache. Hata wao wanataka kupanda gari."
Watatu wapo bado. Nawaona, mabawa yamenyooka.
Msasa unawapitia.

Na sasa damu ya mzee. Ndiyo jina tulilokuwa tukiita ile rangi.
Ya kwanza kabisa niliyoruhusiwa kupuliza peke yangu.
Hapa chini kushoto, guseni: tone,
limetiririka likaganda, chozi lisilofika kidevuni.
Nilisogea karibu mno. Mkono ulisita.
Mteja aliuliza, huyu msichana ndiye fundi?
Magak akamjibu huku akikunja waya:
"Bunduki haiulizi aliyeishika."

Yeye mwenyewe hakuvaa barakoa.
Alijifunga kitambaa, kilichokuwa na kila rangi ya Kamas,
na mwezi wa mwisho kikawa na nyekundu
ambayo hatukuwahi kuichanganya.

Nasimama. Kiuno.
Pale niliposugua zaidi pamefunguka jicho:
nyeupe, nyeusi, chembe ya chungwa, buluu, damu ya mzee,
kisha krimu ya kiwandani, isiyo yangu,
kisha kijivu cha praima, kisha bati,
linang'aa katikati kama mboni.
Pete ndani ya pete. Kisiki cha mti kilichokatwa.
Miaka kumi na tisa, nayo haizidi unene wa ukucha.

Namwita kijana aje aone.
Anakuja, simu bado sikioni. Anatazama.
"Imeshika kutu?"
"Hapana."
"Basi sawa."

Mawingu yanajaa upande wa Nandi; saa tisa itanyesha,
na rangi ikinywa unyevu hufifia.
Napuliza fedha. Mkono haukusita.
Tabaka la kwanza, la pili, kama kioo, hakuna chozi.

Ila ukifungua kifuniko cha tangi la mafuta,
wewe utakayelinunua,
ukainama kabla ya kutia bomba,
kuna mahali padogo kama sarafu ya shilingi tano
ambapo sikupaka kitu. Klia tu.
Na pembeni, kwa sindano,
herufi mbili za jina langu,
na moja ya la Magak.